Ukuta Ukipasuka, Aulizwe Mungu au Fundi?

Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, ni jina linalokwenda pamoja na watemi wa Unyanyembe. Siku hizi ni jina la viwanja pia. Kiangazi malori yanashusha matofali ya kuchoma, misingi inachimbwa, kuta zinapanda, na mabati yanapigwa haraka haraka kabla mvua hazijaanza. Kisha Novemba inaingia. Baada ya manyunyu machache mwenye nyumba anaona ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda kuelekea lenta.

Hapo huanza mazungumzo ambayo kila aliyewahi kujenga anayafahamu.

"Fundi, hebu njoo uangalie hapa."

"Mzee, huo ni ufa wa lipu tu. Nyumba mpya lazima ikae kwanza."

Fundi anakoroga saruji kidogo, anaziba, anapitisha brashi ya maji, anaaga. Mvua kubwa ya pili ikinyesha ufa umerudi, na safari hii umeshuka hadi chini ya dirisha.

Majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja atasema ni mipango ya Mungu, mshukuru haukuwaangukia watoto. Wa pili atapunguza sauti na kuuliza kama mwenye nyumba aligombana na mtu wakati wa kununua kiwanja. Wa tatu atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, asikilize, kisha aulize ni nani aliyejenga. Majibu ni matatu: Mungu, mkono wa mtu, fundi. Kila moja lina historia ndefu katika fikra za binadamu, na lile linalotangulizwa ndilo huamua iwapo ukuta utabomolewa au utapakwa rangi.

Kwanza ukuta wenyewe. Tofali la Tabora huanzia kwenye udongo, mara nyingi ule wa kichuguu, likakaushwa, likapangwa kwenye tanuri na kuchomwa kwa magogo ya miombo kwa siku kadhaa. Moto haufiki sawasawa kila mahali. Matofali ya katikati huiva, na ukiyagonganisha yanalia. Ya pembeni hubaki nusu mabichi: ukiyagonganisha sauti ni butu, ukiyaloweka usiku kucha yanaanza kulegea. Asiyesimama pale lori linapopakiwa hupelekewa mchanganyiko.

Halafu mwiko. Tofali kavu likilazwa juu ya mota hufyonza maji yake kabla saruji haijashika, kwa hiyo linatakiwa lilowekwe kwanza. Pale ambapo maji ni ya kununua kwa dumu, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa. Mota iliyochanganywa asubuhi huanza kushika ndani ya saa mbili hivi. Ikiongezewa maji mchana italainika kweli, lakini nguvu yake imekwisha. Unene wa kiungio unatakiwa uwe sentimita moja hivi. Matofali yasipolingana, fundi hujaza mota hata sentimita tatu ili kozi ikae sawa. Viungio vya wima vinatakiwa vipishane kozi kwa kozi. Vikifuatana kimoja juu ya kingine vinakuwa mstari mmoja, na ukuta umeshapata pa kupasukia. Kwenye kona, kuta mbili zinatakiwa ziumane meno kwa meno. Fundi mwenye haraka humaliza mmoja leo na mwingine kesho, zikagusana tu bila kushikana. Na lenta, inayobeba uzito wote wa juu ya dirisha, inatakiwa iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande.

Hakuna hata kosa moja kati ya hayo linaloonekana lipu ikishapigwa. Mshonaji akikosea, mteja anaona shati halikai begani. Mpishi akikosea, ulimi unajua. Mjenzi ana uwezo wa kufunika kosa lake kwa sentimita moja na nusu ya saruji, akalipwa, akahamia mtaa mwingine, na kosa likangoja mvua. Ndiyo maana ukuta mbovu ni swali la dini na falsafa, mbali na kuwa suala la ufundi: mtu anawiwa nini na wenzake katika kazi ambayo hakuna atakayeiona?

Jibu la jirani wa pili, la mkono wa mtu, lisidharauliwe upesi. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliishi katika miaka ya 1920 na Wazande, watu wa eneo ambalo leo limegawanywa kati ya Sudani Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 alitoa mfano uliokuja kujadiliwa na wanafalsafa wengi. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chake. Wazande walijua fika kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo, na hakuna aliyelibisha hilo. Walichouliza ni jambo jingine: kwa nini lilianguka saa ileile ambayo watu walewale walikuwa wamekaa pale? Kwa swali hilo mchwa hawana jibu. Uchawi unalo.

Mkazi wa Unyamwezi, nchi ya mchwa na ya bafumu (waganga na waaguzi), anaielewa hoja hiyo bila mkalimani. Evans-Pritchard alikuwa akiwaonyesha wasomi wa Ulaya kwamba Wazande wanafikiri kwa mpangilio wao, na kwamba wanajua sababu za kawaida kama mtu mwingine yeyote. Lakini mfano wake una funzo la pili ambalo wasomaji wengi hulipita. Swali la "kwa nini mimi" halifuti swali la "imekuwaje". Linakuja baada yake. Likitangulizwa, mchwa hawakaguliwi. Mwenye nyumba wa Itetemia anayeanza kwa kumtafuta adui atampata, kwa sababu hakuna mtu asiye na aliyewahi kukosana naye. Fundi naye atakuwa ameshaanza msingi wa nyumba nyingine.

Jibu la jirani wa kwanza ni zito zaidi, maana linasemwa kwa imani. Lakini vitabu vyenyewe vinavyotajwa haviliungi mkono kwa wepesi huo. Injili ya Luka, sura ya 13, inataja mnara wa Siloamu ulioanguka Yerusalemu na kuua watu 18. Yesu anaikataa hesabu ya haraka ya wasikilizaji wake: waliokufa hawakuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa mji. Anawageuzia swali wao walio hai, akiwataka watubu. Kwa Waislamu kuna Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Anayesema "Mungu amependa" juu ya ukuta ambao hakuushikia timazi ameruka nusu ya kwanza ya agizo hilo.

Ulaya nayo iliwahi kubishana juu ya jambo hili kwa ukali. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko liliubomoa mji wa Lisbon, na wengi walikufa makanisani. Mwandishi Voltaire aliandika shairi la kuihoji hekima ya Mungu. Mwanafalsafa Rousseau alimjibu kwa barua Agosti 1756, na ndani yake kuna hoja ambayo leo ingeweza kutolewa na mhandisi wa halmashauri: si maumbile yaliyorundika pale maelfu ya nyumba za ghorofa sita na saba. Tetemeko lilitoka ardhini, lakini mji ulitoka mikononi mwa watu.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera na kuua watu wasiopungua 17, huku maelfu ya nyumba zikibomoka au kupasuka, nyingi zikiwa za matofali na udongo bila mkanda wa zege wa kuzifunga. Japani hupata matetemeko ya ukubwa huo mara kwa mara, na mara nyingi hakuna anayekufa. Kwingineko ardhi haikutikisika kabisa. Jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo, watu wasiopungua 29 wakapoteza maisha, na serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo lile. Timu ya ukaguzi ni kukiri kwamba kuna swali linaloweza kujibiwa kwa kupima zege na kuhesabu nondo, na kwamba swali hilo ni la watu kulijibu.

Basi ni fundi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini ni muhimu kusema kwa kosa lipi. Kuna kukosea, na kuna kufunika.

Kukosea ni kwa binadamu yeyote anayeshika mwiko. Jua kali, uzi umelegea, saidia fundi amezidisha mchanga, kozi mbili zimetoka timazi. Sheria za kale zilijua hivyo. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zenye umri wa takriban miaka 3,750, zinajulikana kwa ukali wake: nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, mjenzi anauawa. Ila zina kifungu kingine kisichotajwa sana, nacho ni kwamba ukuta ukionekana una kasoro, mjenzi auimarishe kwa gharama yake. Kwa maneno mengine, kosa lililogunduliwa mapema linalipwa kwa kazi, na hakuna anayepoteza kichwa.

Kufunika ndiko dini zinakokulenga. Nabii Ezekieli, sura ya 13, anawashambulia wanaopaka chokaa ukuta dhaifu uliojengwa na wengine, na anatabiri mvua ya mafuriko itakayouangusha hadi msingi uonekane. Shutuma yake inamwangukia mpakaji wa chokaa hata pale ambapo hakulaza tofali hata moja. Katika Uislamu kuna kisa kilichomo kwenye Sahihi Muslim, cha Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka na kukuta chini kuna unyevu. Mwuzaji alijitetea kwamba mvua ilinyesha. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka nafaka yenye maji juu, watu waione, na akaambiwa kwamba anayedanganya hayumo miongoni mwao. Mwuzaji yule na fundi wa ufa wa lipu wana utetezi mmoja, na jibu lao ni moja.

Kuna kisa kingine katika Qurani, Sura ya Al-Kahf, kinachokwenda mbali zaidi. Musa na mja mwema, ambaye mapokeo humwita Khidri, wanafika katika mji ambao watu wake wanawanyima chakula. Wanakuta ukuta unaotaka kuanguka, na Khidri anausimamisha bila ujira. Musa anashangaa: angeweza kudai malipo. Baadaye anaelezwa kwamba chini ya ukuta ule kuna hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema, na Mungu alitaka wakue ndipo waitoe. Mayatima hawakumwona mjenzi, hawakumlipa, hawakuwa na mkataba naye. Ukuta ulijengwa imara kwa ajili ya watu wasiojua kwamba umejengwa kwa ajili yao. Hali ya kila nyumba ni hiyohiyo. Aliyelipa ni mmoja, watakaolala chini ya ukuta huo ni mpangaji wa mwaka kesho, mjukuu ambaye hajazaliwa, na mpita njia aliyejikinga mvua barazani. Fundi anadhani anawiwa na mwenye fedha peke yake, kumbe deni lake limesambaa.

Lakini hesabu hii ikiishia kwa fundi itakuwa ya uonevu. Mwenye nyumba naye ana kozi zake alizozilaza vibaya. Huenda ndiye aliyechagua matofali ya bei ya chini akijua ni ya pembeni mwa tanuri, akaagiza mfuko mmoja wa saruji ubebe mchanga wa mifuko miwili, kisha akataka kuta zifike kwenye lenta kabla ya likizo yake kwisha. Huenda anaishi Dar es Salaam au Mwanza, anatuma fedha kwa simu, na msimamizi ni shemeji ambaye hajui timazi ni nini. Na huenda alimcheleweshea fundi ujira. Kumbukumbu la Torati linaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, na Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inataka alipwe kabla jasho lake halijakauka. Fundi mwenye njaa hufupisha kazi. Hilo halimwondolei lawama, ila linampa mwenye nyumba sehemu yake.

Unyamwezi wa zamani ulikuwa na njia yake ya kulizuia tatizo hili. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo na kuta nene, ilijengwa na mwenyewe akisaidiwa na ndugu na majirani. Aliyesiliba ukuta ndiye aliyelala chini yake mvua ikinyesha, na kila mwaka baada ya masika aliukarabati. Kwihara, karibu na Tabora, jengo la kumbukumbu linaonyesha umbo la tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Lililopo leo limejengwa upya, jambo ambalo lisingemshangaza Mnyamwezi wa karne ile, maana udongo huhitaji mkono wa mtu kila msimu.

Kuta za Isike, mtemi wa Unyanyembe, zilikuwa za kiwango kingine. Ngome yake ilistahimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892, na ilipoingiwa Januari 1893 na kikosi cha afisa wao Tom Prince, Isike aliilipua baruti yake badala ya kukubali kutekwa. Hapo hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini ukuta ulianguka: mizinga na baruti zilikuwa jibu tosha. Waliozijenga kuta zile walijua kwamba maisha yao wenyewe yangezitegemea.

Leo mjenzi na mkazi ni watu wasiofahamiana, na nafasi ya ujirani ule inahitaji kuzibwa kwa kitu kingine. Nchi nyingine zimetumia sheria. Sheria ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimfanya mjenzi awajibike kwa miaka 10 jengo likiharibika kwa kasoro ya ujenzi, na ile ya Misri ya mwaka 1948 ikachukua muda uleule. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi tangu sheria ya mwaka 1997, lakini nyumba ya vyumba vitatu Itetemia kwa kawaida hujengwa na fundi wa mtaani kwa makubaliano ya mdomo, nje kabisa ya bodi hiyo. Sevilla ya Waislamu, huko Hispania, karne ya 12, ilikuwa na pendekezo jingine: Ibn Abdun, aliyeandika juu ya usimamizi wa masoko, alitaka vipimo vya matofali na vigae vitundikwe ndani ya msikiti mkuu, ili yeyote aende akalinganishe. Kipimo cha tofali kiliwekwa mahali ambapo watu husimama mbele ya Mungu.

Kwa fundi aliyekwisha kufunika, dini zina neno moja, nalo ni toba, ambayo katika suala hili ina nyundo mkononi. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, anaeleza kwamba toba ya kosa lililomgusa mtu mwingine haitimii mpaka haki ya mtu huyo irudishwe. Zakayo katika Injili ya Luka anaahidi kurudisha mara nne. Kwa ukuta maana yake ni kubandua lipu, kukagua kona na lenta, kubomoa kozi zilizojengwa kwa matofali mabichi na kuzijenga upya, hata kama fedha ya kazi ile imeshaliwa. Ni gharama ya kuumiza, na ndiyo sababu wengi huchagua kuziba ufa.

Si kila ufa unadai hivyo. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu hutokana na saruji kukauka upesi bila kumwagiliwa, na haziangushi nyumba. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungio, unaoonekana ndani na nje, unaozidi kupanuka mwezi hadi mwezi, unazungumza juu ya msingi au mfungamano wa ukuta. Njia ya kuutambua ni rahisi: kipande kidogo cha lipu kinapakwa kukatiza ufa na kuandikwa tarehe. Kikipasuka, ukuta bado unatembea.

Kwa hiyo ajengaye Itetemia msimu huu asiruhusu lipu ipigwe kabla ya fundi mwingine, asiye na maslahi na kazi ile, kupita na timazi, kugonga matofali na kuhesabu viungio kwenye kona zote. Amwekee fundi wake mkataba wa maandishi, amlipe kwa wakati kila hatua, na abakize sehemu ya malipo hadi mvua moja ya masika ipite, kwa makubaliano yaliyowekwa wazi tangu siku ya kwanza. Maimamu na mapadri wa Tabora, ambao kila wiki huhubiri juu ya mizani na uaminifu, nao waanze kuutaja ukuta kwa jina lake. Mafundi wako mbele yao, wamekaa safu moja na wenye nyumba.